Koti Lisilo na Mgongo

Wajukuu wangu wakiniuliza nilifundishwa wapi kupiga picha, huwajibu nilifundishwa na ufagio. Ndio ukweli. Nilikuwa nafagia studio ya Mhindi mmoja pale mjini Nakuru, na mtu anayefagia huona mambo yote kwa sababu hakuna anayemwona yeye. Shule niliacha darasa la pili, sababu ikiwa ni mbuzi, lakini hiyo ya mbuzi nikiianza hapa hatutafika kwa koti, na koti ndilo nimekaa chini kuliandika.

Yule Mhindi alipohama aliniachia kamera yake ya zamani. Ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, jicho moja mbele, na kifuniko cha jicho ambacho kwa kweli kilikuwa kifuniko cha mafuta ya nywele. Unafungua kifuniko, unahesabu moja, mbili, tatu, unafunga. Kisha unaingiza mkono ndani ya sanduku na kuiosha karatasi kwa dawa humo humo gizani, bila kuona, kama mtu anayemzalisha ng'ombe. Aliniachia kwa sababu mchwa walikuwa wameshaanza mguu mmoja.

Nikapata ua huko Bondeni, nyuma ya nyumba moja, jirani na mama aliyekuwa akikaanga mandazi. Huyo mama mkumbuke, maana mdomo wake umo katika kila jambo nililowahi kufanya mpaka nilipooa.

Kitu cha kwanza nilichojipangia ni ukuta. Studio ya Mhindi ilikuwa na pazia lililochorwa jumba la ngazi na nguzo. Mimi nikasema hapana, wateja wangu wakisimama mbele ya jumba, kwao nyumbani watauliza jumba la nani. Nikateremka mpaka ziwani. Nikakaa kutwa nzima nikiwatazama flamingo, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, maelfu kwa maelfu, wanatembea kama wake za wazungu wakikwepa matope. Moyo wangu ukajaa. Nilirudi nikanunua kitambaa cha marekani, nikachora ziwa, nikachora flamingo ishirini na mmoja kwa rangi nyekundu safi kabisa. Siku tatu kazi. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja tu, kwamba kamera yangu haikujua rangi. Flamingo wangu wakatoka weusi, wanene kidogo. Barua zikaanza kuja kutoka magharibi mwa nchi, kwao wateja wangu wengi, watu wakiwauliza vijana wao: hao kuku wa Nakuru hulishwa nini mpaka wakarefuka shingo hivyo?

Lakini watu hawakuja kwa sababu ya ndege. Walikuja kwa sababu ya koti.

Lilikuwa koti la sufu, jeusi, zito, la mzungu fulani wa shamba aliyekuwa mwembamba sana. Kwa mtu mwenye mabega halikuingia hata kwapani. Nikakaa nalo wiki nzima nikiliwaza, halafu siku moja nikachukua mkasi nikalipasua mgongo wote, kutoka kola mpaka pindoni. Basi! Tangu hapo likawa la kila mtu. Mnene akija, linafunguka nyuma kama mlango, mbele limekaa sawasawa. Mwembamba akija, nalikunja nyuma kila upande na kulibana kwa pegi za kuanikia nguo, pegi sita, saba, shati likichungulia katikati. Mbele bwana mkubwa, nyuma kamba ya nguo. Na kifungo cha pili kilikuwa kikubwa, cha mfupa, cha koti la kike, kwa sababu cha kwake kilipotea. Pamoja na koti nilikuwa na tai, baiskeli ya kushikilia, na saa ya mkononi iliyokufa ikionyesha saa nne na dakika ishirini. Nani angeijua saa imekufa kwenye picha? Kwenye picha kila saa imekufa.

Miaka hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari, na wengine walikuja kutaka picha za pasi, ile ya kuruhusiwa kutembea, kwa sababu serikali ilizitaka. Hizo sikuzipenda. Serikali ilitaka uso mtupu, hakuna koti, hakuna kuku, hakuna kucheka. Nilikuwa nawapiga wale watu kimya, na wao kimya, wanaondoka. Nadhani ni kwa sababu ya hizo picha nilianza kazi yangu ya siri.

Ilikuwa hivi. Mteja akishapigwa picha yake ya koti, akisimama na kunipa mgongo, ndipo nilipomwona yule mtu mwenyewe. Pegi, shati lililopasuka, jasho. Mbele wote walifanana. Nyuma hakuna aliyefanana na mwingine. Nikaanza kuwapiga migongo. Nilikuwa na karatasi zilizoharibika pembe, zisizofaa kuuzwa, nikazitumia hizo. Lakini kifuniko kinahitaji kuhesabiwa tatu, na mtu hatulii bila sababu, kwa hiyo nikatunga sababu. "Geuka utazame ukuta kidogo," nawaambia. "Kamera inapumua. Haipendi kutazamwa ikipumua." Walikubali wote. Hata askari mmoja alikubali, akasimama wima kwa heshima, nami nikapiga tundu la suruali yake. Nilizitia picha hizo katika mkebe wa biskuti, nikazitazama peke yangu. Nilizipenda tu.

Sasa tuje kwa kijana wa reli.

Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta magurudumu ya gari la moshi, na ingawa alioga, mafuta yalikuwa yameshahamia kwake. Alikuwa mtu wa magharibi, mpole, mwenye haya mpaka anakera. Alikuja kupigwa picha ya kupeleka kwao kwa baba wa msichana anayemtaka. Nilimvika koti, nikambana pegi saba. Nikamwambia, "Onyesha saa." Akaifunika kwa mkono mwingine. Nikamwambia tena. Akaionyesha, nilipofungua kifuniko akaifunika. Nikachoka, nikapiga hivyo hivyo. Halafu kamera ikapumua kama kawaida, akageuka.

Mwezi mmoja baadaye alirudi akikimbia, na barua mkononi.

"Fundi, nimekwisha. Baba yake anakuja."

"Wapi?"

"Hapa Nakuru! Jumamosi, na gari la moshi. Anasema kabla ya kujibu neno lolote anataka kumwona kwa macho yake mtu wa kwenye picha."

"Si ni wewe?"

"Mimi ndiye. Lakini wa kwenye picha ana koti." Akaketi chini. "Na yule mzee, fundi, ni mshonaji wa misheni. Kanzu za wachungaji wote anashona yeye. Kuna kijana alimkataa kwa sababu ya pindo la suruali. Pindo tu! Fundi, huyu msichana nikimkosa mimi sioi tena. Nipe koti siku hiyo moja."

"Koti halina mgongo."

"Sitageuka."

Hapo mama wa mandazi akacheka mpaka mwiko ukamwangukia ndani ya mafuta. "Bwana arusi wa mbele tu!" akasema. "Na ukienda chooni je, utaenda kinyumenyume?"

"Nitajizuia," akasema kijana, na hakuwa anatania.

Nilimhurumia. Nikasema koti halitoki uani mwangu, lakini mzee anaweza kupokelewa hapa, aambiwe hapa ni kwa rafiki. Mama wa mandazi alijitolea kwenda steshoni kumpokea. Alitaka kuona kila kitu tangu mwanzo.

Jumamosi nikambana pegi nane, moja ya akiba. Tukamketisha kwenye kiti, mgongo ukielekea ukuta wa ndege. Chai ikawekwa karibu naye asilazimike kuifuata. Nikasema ukisimama, simama kama mlango wa ukutani, usiachane na ukuta.

Mzee akaingia. Mrefu, mkavu, mwavuli mkononi, miwani imefungwa sikioni kwa uzi. Hata kabla ya kusalimia watu alilishika pazia langu, akalisugua kati ya vidole viwili, akasema, "Marekani. Ya bei ya chini." Kisha akawatazama flamingo kwa muda mrefu. "Kumbe ndio hawa kuku."

"Ni ndege, mzee," nikasema.

"Hata kuku ni ndege," akanijibu.

Kijana akasimama, akainama, akatoa mikono miwili. "Karibu, baba."

"Ahsante, mwanangu. Keti."

Akaketi. Nilitoa pumzi. Mzee akasema tuombe kwanza, na akaomba, jamani. Aliombea reli. Aliombea madaraja yote kutoka kwao mpaka Nakuru, moja moja. Mimi nilifungua jicho moja kuangalia pegi, nikakutana na jicho moja la mama wa mandazi limefunguliwa kwa kazi hiyo hiyo.

Baada ya amina mzee akanywa chai, akauliza, "Saa ngapi sasa, mwanangu? Nisije nikaachwa na gari la kurudi."

Kijana akatazama mkono wake kabla ya kufikiri. "Saa nne na dakika ishirini, baba."

"Vizuri."

Wakazungumza habari za mvua, za kanisa, za ng'ombe. Mzee akataka kuosha mikono, maji yalikuwa upande wa pili wa ua. Kijana akasema, "Nitakuletea, baba," akanyanyuka, akaanza kwenda kinyumenyume. Alipita kati ya kiti na meko ya mama, akaruka kuku, kuku wa kweli huyu, akapapasa kwa mkono nyuma mpaka akaipata birika, akarudi mbele nayo bila kumwaga. Hakumpa mzee mgongo hata nukta moja. Mimi nilijua tumekwisha. Lakini mzee akanigeukia, uso umelainika, akaninong'oneza:

"Umeona adabu hiyo? Siku hizi vijana wanawapa wakwe zao migongo kama punda. Babu yangu ndiye wa mwisho niliyemwona akiondoka mbele ya mkwewe kwa kurudi nyuma hivyo."

Nikasema, "Ndivyo alivyo, mzee. Hata kazini." Mungu anisamehe, nilisema hata kazini.

Basi kijana akatiwa moyo. Mzee akitaka sukari, kinyumenyume. Akitaka kuona baiskeli ya kwenye picha, kinyumenyume. Mama wa mandazi alikuwa ameshauma kanga yake mpaka machozi yanatoka. Mzee akauliza tena, "Sasa saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini, baba."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Nakuru siku ni ndefu," akasema.

Ninyi mnaoijua Nakuru mnajua vumbi lake. Jua likishika, kisulisuli huzuka popote, kinazunguka, kinabeba makaratasi na kofia za watu. Hicho cha siku ile kilikuja kutoka barabarani, kikaingia uani bila kubisha. Kililipiga pazia, flamingo wakavimba. Kijana akaruka kando asiangukiwe na pazia, kisulisuli kikamwingia kwa nyuma. Nilisikia pegi zikiruka, ta, ta, ta, moja ikaangukia kikombe cha mzee. Koti likafunguka mabawa mawili, kama kunguru anayetaka kuruka, na kijana wa watu akazungushwa mpaka akasimama amempa mkwe wake mgongo wote.

Vumbi likatulia. Mama wa mandazi akafunga mdomo, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona amenyamaza mafuta yakiwa motoni.

Mzee akaitoa ile pegi kwenye chai, akaikung'uta, akaiweka mezani. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wa ndani, akatoa picha tatu, akazipanga moja, mbili, tatu.

"Vijana watatu wameniletea posa ya binti yangu mwaka huu," akasema. "Wote wako Nakuru. Kifungo cha pili cha mfupa. Kifungo cha pili cha mfupa. Kifungo cha pili cha mfupa. Wawili saa nne na dakika ishirini, na huyu wa tatu amenitajia saa hiyo hiyo leo mara mbili. Nikajua kuna mtu ameibiwa koti, na nimekuja kumtafuta. Nani mwenye koti?"

"Mimi, mzee," nikasema. "Sikuibiwa. Ninawavika."

"Unawavika wangapi?"

"Wote."

Akatazama zile picha kana kwamba zimemtukana. "Basi mmeniposea koti. Mimi nina binti mmoja, na hapa sioni mtu, naona koti limetumwa mara tatu." Akaanza kuzikusanya. "Binti yangu aliniambia wa tatu ndiye mtu, kwa sababu ndiye pekee aliyeifunika saa. Mimi nikamwambia anayeficha kitu ni mwizi. Akasema, baba, mwizi angeionyesha. Nikaona nije niangalie. Sasa nimeangalia."

Akachukua mwavuli wake. Kijana alikuwa bado ametuelekezea mgongo, anaogopa kugeuka.

Hapo sijui nini kilinisukuma. Nilikimbilia ndani nikatoa mkebe wa biskuti. "Mzee, ngoja. Mtu unamtaka? Watu ninao hapa."

Sikufanya vizuri, najua. Wale wengine wawili hawakuwepo kujitetea, na mimi nikaiweka migongo yao mezani mbele ya mama wa mandazi. Wa kwanza, karani, shati lake limepasuka kutoka kola mpaka kiunoni, amelifunga kwa waya. Wa pili hakuwa na shati kabisa, ni mgongo mtupu na tai. Wa tatu, kijana wa reli: shati kuukuu, na katikati kiraka cha mraba, pembe nne zimekaa sawa kama stempu kwenye barua.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatazama picha. Kisha akamwendea kijana, akausogeza ubawa mmoja wa koti kwa ncha ya mwavuli, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa shati. Kiraka kilikuwa pale pale.

"Hiki nani alikushonea?"

"Mimi, baba," akasema kijana, akiuambia ukuta.

"Mwanamke gani?"

"Hakuna mwanamke, baba. Ni mimi. Jioni kule landini, kwenye nyumba za reli, wenzangu hucheza karata."

"Tutaona." Akatoa mfukoni kikebe cha sindano na uzi mweusi uliozungushwa kwenye kadi. "Vua hilo koti. Kaa. Lishone mgongo."

Nikasema, "Mzee, subiri kidogo, hilo koti ndilo kazi..."

"Nawe kaa," akasema.

Nikakaa. Nawaambia, sijawahi kuona saa moja ndefu kama ile. Yule kijana aliyekuwa akiogopa hata kugeuka, aliposhika sindano hofu ilimtoka. Alianza kolani, akashuka, mishono midogo, myembamba, anavuta na kulainisha kwa ukucha. Na mimi kila mshono naona mteja mnene mmoja anaondoka zake. Nilipowaza yule mpishi wa hoteli aliyekuwa amepanga kuja Jumatatu na tumbo lake, nilitaka kulia.

Kijana akiwa amefika katikati mzee akasema, "Saa ngapi?"

Kijana hakuinua kichwa. "Sijui, baba. Hii saa haitembei."

Mzee akauegemeza mwavuli ukutani.

Koti lilipokwisha alilichukua, akalivuta kwa mikono yote miwili, akaligeuza nje ndani, akatembeza kidole gumba mshono wote mpaka chini. Tulisubiri. Mandazi yalikuwa yanaungua.

"Umeruka mshono hapa chini ya kola," akasema. "Fumua, rudia."

Kijana akafumua, akarudia. Mzee akakata uzi kwa meno, akaurudisha kwenye kadi. "Mwezi wa nane uje na wazee wako," akasema. "Uvae shati hilo."

Mama wa mandazi alipiga kigelegele, watu wakaingia kutoka barabarani wakidhani kuna mtoto amezaliwa.

Mzee kabla ya kuondoka alitaka naye picha. Akavaa koti, nalo lilimkaa kama alipimiwa, maana alikuwa mwembamba kama mwenyewe wa kwanza. Akaniambia niisogeze mishale ya saa, iwe saa sita kamili, watu wasiseme naye alikuwepo kwenye ule mkutano wa saa nne. Nilipofunga kifuniko akasema, "Sasa kamera haipumui?" Kijana alikuwa ameshamwambia. Akageuka mwenyewe, akatoa mgongo, akajinyoosha. Mshono ulionekana vizuri sana.

Arusi nilikwenda na sanduku langu na ndege wangu. Wanawake wa kule waliliona pazia limetundikwa, wakaita watoto waje kuona kuku warefu. Na bwana arusi alipotoka kanisani, mama mmoja mzee wa upande wa mke akapaza sauti, "Geuka kwanza!" Akageuka. Shati lilikuwa jipya, lakini kiraka alikuwa amekishonea juu yake makusudi, na watu wakapiga makofi.

Tangu hapo ikawa desturi ya upande ule. Kijana wa Nakuru akitaka kuposa, picha ziwe mbili, ya mbele na ya nyuma, la sivyo barua inarudishwa. Kwa hiyo koti nililipoteza, maana sasa liliwaingia wembamba tu, lakini kila mtu akawa anapigwa mara mbili, wala sikuhitaji tena kusema uongo juu ya pumzi za kamera. Jumamosi migongo ilipanga foleni mpaka barabarani, na mashati yote yamefuliwa.

Mimi mwenyewe miaka miwili baadaye nikampenda msichana, naye, kwa bahati yangu, alikuwa wa kijiji kile kile. Baba yake akajibu kwa mstari mmoja: picha mbili. Nikatazama shati langu. Nikajaribu kushona usiku tatu, nikajichoma vidole, kiraka kikatoka kama chapati. Mwishowe nilikwenda landini kwa yule kijana wa reli, nikamwamsha usingizini, naye akanishonea bila kucheka sana. Nikaitia picha kwenye bahasha, nikaposa, nikapewa.

Mke wangu husifu kile kiraka mpaka leo, na ile picha ya mgongo wangu ndiyo ameitundika sebuleni, ya mbele sijui iko wapi. Ukweli wake sijawahi kumwambia. Nimeuandika hapa kwa kuwa miwani yake imevunjika, na fundi wa miwani amesema itachukua wiki mbili.